Besiboli: Makombe 9 hayakutosha kuibakiza Athletics Oakland

Ekipe ya Athletics imebeba kombe kubwa la besiboli ya Marekani mara 9. Lakini tangu 1901 imehama mji mara 3, na safari ya 4 inangojewa.

Philadelphia ilipata makombe 5, Kansas City hata moja. Oakland ilipata 4: 1972, 1973 na 1974 kwa kufuatana, wakati wa Reggie Jackson na Catfish Hunter, kisha 1989 pamoja na Rickey Henderson, mtoto aliyekomalia palepale. Henderson ndiye bingwa wa kuiba vituo, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kungoja mpira upigwe: mara 1.406.

Shida ilikuwa stade. Mwenye ekipe, John Fisher, alitaka mpya. Mazungumzo na Oakland yakakwama. Tarehe 13/6/2023 washabiki zaidi ya 27.000 walijaza kiwanja wakimwambia auze ekipe. Hakuuza. Siku zilezile jimbo la Nevada likakubali kutoa hadi dola milioni 380 kwa stade ya Las Vegas.

Mechi ya mwisho Oakland ilichezwa tarehe 26/9/2024. Sasa Athletics inapanga kwa muda Sacramento, kwenye kiwanja kidogo. Makombe yamefuata mwenye ekipe. Washabiki wamebaki na majina ya wachezaji.