Saa za Ulaya zinatusumbua bure

Kila Jumapili ya mwisho ya Machi, Ulaya husogeza saa mbele. Jumapili ya mwisho ya Oktoba huzirudisha nyuma. Hapa Babati hakuna anayegusa saa yake, lakini ratiba zetu huvurugika. Mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza inayoanza saa 9 alasiri kwao, kwetu huanza saa 12 jioni wakati wa baridi yao na saa 11 wakati wa joto lao. Shabiki akienda kibanda umiza kwa mazoea, analipa kiingilio kamili na kukuta timu ziko mapumziko.

Mpira ni burudani tu, lakini kijana anayesailiwa kwa intaneti na mwajiri wa ng'ambo akikosea saa anaweza kupoteza kazi. Marekani nayo hubadili saa Jumapili ya pili ya Machi, mapema kuliko Ulaya, hivyo kwa wiki mbili au tatu hata tofauti ya New York na London si ile ya kawaida.

Babati iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta. Siku yetu ndefu kuliko zote inaizidi ile fupi kwa nusu saa tu. London tofauti hiyo inakaribia saa tisa. Mvuvi wa Ziwa Babati na mkulima wa Magugu hawana mwanga wa kuokoa kwa kusogeza saa.

Hata watu wa Ulaya wenyewe wamechoka. Ujerumani ilianza utaratibu huu mwaka 1916, vitani, ili kubana makaa ya mawe. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulikusanya maoni milioni 4.6, na asilimia 84 walitaka ukomeshwe. Machi 2019 Bunge la Ulaya likapiga kura 410 dhidi ya 192 ufutwe ifikapo 2021. Serikali zao hazijakubaliana mpaka leo, na Uingereza, iliyokwisha kujitoa, inaendelea nao. Huo ni uzembe, na gharama yake inavuka bahari.

Tusiwasubiri. Redio na televisheni zetu zitangaze mabadiliko wiki moja kabla. Wenye vibanda waandike ubaoni saa ya Tanzania, wataje na asubuhi au jioni. Nawe mwenye miadi na mtu wa ng'ambo, mwombe akutajie muda kwa saa za Afrika Mashariki, kwa maandishi.