Uwanja wa Wilson
Msafiri apitaye Barabara ya Lang'ata, kusini ya jiji la Nairobi, huuona uwanja wa ndege wa Wilson akadhani ni baki tu la enzi ya ukoloni, ilhali mahali hapa, palipoanza na kampuni ya Bibi Florence Kerr Wilson mwaka 1929, pamebeba uhai wa watu wengi wasiopata kuliona jiji lenyewe. Kwani hapa hupakiwa kwa haraka miraa ya Meru, imefungwa kwa majani ya mgomba isije ikanyauka, na hapa huondokea madaktari wa AMREF, shirika lililoasisiwa mwaka 1957, wakarejea na mgonjwa wa Turkana au Mandera aliyelazwa juu ya machela, akipitishwa taratibu katika mlango mwembamba wa ndege huku muuguzi ameiinua chupa ya dripu juu ya kichwa chake. Kwa hiyo nahuzunika sana nionapo maghorofa yakizidi kupanda upande wa South C, mtaa ulio jirani na uwanja, na kuingilia njia ya ndege zinazotua na kuruka, na naona ni wajibu wa wenye mamlaka, kabla ya kuidhinisha ramani nyingine yoyote ya jengo, kutaka kwanza shauri la marubani.