Kitubio Hakifuti Haki ya Kutibiwa



Wapo wasemao kwamba mtu aliyefungwa na picha za ngono katika simu yake hahitaji daktari wala mshauri: aungame, afunge, asali, basi. Wapo pia wanaomtoza fedha kwa ahadi ya kumtoa jini mahaba. Nasi twasema wazi: kumnyima mtu huyo tiba kwa jina la dini ni dhuluma, na dhuluma ni shauri la Haki na Amani.

Hatusemi kwamba picha hizo si dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2354, yafundisha kuwa ni kosa zito linaloumiza hadhi ya wanaoigiza, wanaouza na wanaotazama. Lakini Katekisimu hiyo hiyo, namba 2352, ikizungumzia kujichua, yakiri kwamba nguvu ya mazoea na hali za nafsi huweza kupunguza lawama ya mtendaji. Kanisa, basi, latambua kwamba utashi wa mtu waweza kujeruhiwa. Na majeruhi hupelekwa hospitali.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, limeutaja ugonjwa wa kushindwa kudhibiti mwenendo wa kijinsia. Mgonjwa hushindwa kuzuia msukumo kwa muda mrefu, kama miezi 6 au zaidi. Hupuuza afya, kazi na ndoa. Hujaribu kuacha asiweze. Huendelea hata pale asipoonja raha tena. Orodha hiyo yaonya pia kwamba fadhaa itokayo katika hukumu ya kimaadili peke yake haitoshi kumwita mtu mgonjwa. Hivyo kijana aliyeanguka mara moja na kujuta asibandikwe jina la ugonjwa. Lakini mume anayekesha kila usiku akimaliza kifurushi cha intaneti, anayechelewa kazini, anayemkwepa mkewe, na ambaye ameungama dhambi ile ile miaka nenda rudi, kumwambia aongeze sala tu ni sawa na kumnyima dawa mwenye malaria.

Tiba yenyewe si uchawi wala anasa ya Wazungu. Ni mazungumzo yenye mpango. Mshauri humsaidia mgonjwa kutambua hali zinazouwasha msukumo: upweke, hasira, kukosa usingizi, ugomvi wa nyumbani. Humfundisha kuuacha msukumo upande na kushuka bila kuutii. Huchunguza kama chini yake pamejificha sonona, au jeraha la kudhulumiwa utotoni, nalo litibiwe. Simu hulazwa nje ya chumba cha kulala. Mgonjwa akianguka tena, hufikiriwa pamoja naye ni nini kilichotangulia, wala hafukuzwi. Hakuna kidonge kilichoidhinishwa mahususi kwa shida hii. Ni kazi ya subira, nayo haishindani na malezi ya kiroho.

Twauliza, basi: nani aipataye? Mwenye fedha humlipa mshauri mjini kwa siri. Mkulima na mwendesha bodaboda hupewa kejeli. Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza kuchapisha ponografia, na ni vema; lakini sheria humwadhibu mchapishaji, haimponyi mtazamaji. Na wafanyabiashara wa picha hizo wavuna faida kutoka macho ya waliofungwa na miili ya wanawake, ambao wengine wao walilazimishwa.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Hospitali za Kanisa, kuanzia Bugando hadi zile za misheni vijijini, ziwe na washauri waliofunzwa kwa shida hii. Seminari ziwafundishe mapadre wa kesho kumtambua mgonjwa na kumwelekeza kwa mtaalamu, pasipo kugusa siri ya maungamo. Serikali nayo iifikishe huduma ya afya ya akili katika kila wilaya, na wake waliojeruhiwa nyumbani wasisahauliwe.

Bwana alimwita Lazaro kutoka kaburini, naye akatoka akiwa bado amefungwa sanda. Ndipo akawaamuru waliosimama pale wamfungue. Uhai aliutoa yeye. Mafundo aliyaacha kwa mikono ya watu. Mikono hiyo ni yetu.