Namba Ilikuwa Kwenye Simu ya Baba

Desemba iliyopita, mvua ikiwa imeshakolea, tulipanga foleni kwenye duka moja la pembejeo hapa Mpitimbi, mkoani Ruvuma. Foleni ilitoka mlangoni ikafika barabarani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alipofika mezani aliulizwa namba yake ya ruzuku ya mbolea. Akafungua fundo la kanga, akatoa hela. Zilikuwa zimepangwa, noti kubwa juu, ndogo chini, zimebanwa kwa mpira. Namba hakuwa nayo.

"Namba anayo baba watoto," alisema. Akaazima simu, akapiga. Haikupatikana. Akapiga tena.

Nyuma yake mwanamume mmoja akasema kwa sauti ya kutosha foleni nzima: "Wanawake bwana! Mtu anatoka nyumbani mpaka hapa, namba kaiacha." Watu wakacheka. Mama akazikunja hela zake, akazirudisha kwenye fundo, akaondoka. Sisi tuliokuwa pale hatukusema neno, na kunyamaza huko ndiko kumetufanya tuandike leo.

Haikupita saa moja, mzee mmoja akarudi na bodaboda, mfuko umelazwa nyuma. Alikuwa amebeba mbolea ya kukuzia, kumbe alichokuja kununua ni ya kupandia. Mfuko ulikuwa na maandishi makubwa, na asubuhi alitajiwa jina la mbolea mara mbili. Muuzaji akambadilishia. "Pole mzee wangu, msimu huu mawazo ni mengi." Foleni ikaitikia: kweli, mawazo ni mengi. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyesema wanaume ndivyo walivyo.

Hatusemi usahaulifu ni jambo dogo. Unaudhi, na kijijini unagharimu. Mbolea ya kupandia ina fosforasi, na fosforasi haitembei udongoni. Lazima iwe karibu na mbegu tangu mwanzo ili mizizi michanga iipate. Anayechelewa wiki mbili kwa sababu ya namba au kwa sababu ya kubeba mfuko usio wake ataona tofauti kwenye gunzi. Funguo za ghala zikisahaulika shambani, watu ishirini wanasimama juani. Kadi ya kliniki ikiachwa nyumbani, mtoto anarudi bila chanjo. Anayefanya hivyo kila mara aambiwe, na aambiwe waziwazi, awe mke au mume. Ugomvi wetu ni na kile kinachofuata baada ya kosa. Mwanamume akisahau, kosa linabaki lake mwenyewe na linaisha jioni hiyohiyo. Mwanamke akisahau, wanabebeshwa wenzake wote, hata yule aliyeko kitandani amejifungua jana.

Tumtazame tena yule mama. Ruzuku ya mbolea ilizinduliwa Nanenane ya mwaka 2022 kule Mbeya, na msimu ule mfuko wa kilo 50 ukashuka hadi shilingi 70,000. Ili upate bei ya ruzuku sharti uwe kwenye daftari la wakulima na uwe na namba, na namba hutumwa kwa ujumbe wa simu. Sasa tuulize: simu ya nani? Kwenye kaya nyingi tunazozijua hapa Mpitimbi, aliyekwenda kujiandikisha kwa mtendaji ni baba, kwa jina la baba, kwa laini ya baba. Mama ndiye anayepanda, ndiye anayepalilia, na asubuhi ile ndiye aliyetumwa mbolea. Baba yuko kwenye shughuli zake, simu imezima chaji, na ujumbe wenye namba umekaa humohumo. Hakuna alichosahau yule mama. Mtu hasahau kitu ambacho hakuwahi kupewa. Lakini foleni haikuuliza. Ilikuwa na jibu tayari mfukoni tangu zamani.

Jibu hilo watoto wanalipata mapema. Sikiliza tunavyowaita. Wa kiume akiacha daftari nyumbani ni mtundu, tena wengine husema kwa fahari kwamba huyu atakuwa na akili sana akikua. Wa kike akiacha daftari ni mapepe. Hilo neno mapepe lina maana ya mtu asiyetulia, wa kiume au wa kike, lakini ni nadra kulisikia likitajwa kwa kijana wa kiume. Na huyo binti wa darasa la sita tunayemwita mapepe amekwishateka maji, amefagia uwanja, amemwogesha mdogo wake na kumfunga kamba za viatu kabla kengele haijalia. Kichwa chake kimebeba mambo sita, la saba likadondoka. Tunaliokota hilo la saba na kulifanya jina lake.

Wapo wanaosema haya ni maneno ya utani tu, tusiyakuze. Tungekubali kama utani ungeishia kwenye kicheko. Hauishii hapo. Mwenye kuitwa kichwa kibovu leo kwenye foleni, kesho kwenye mkutano wa kijiji akinyoosha mkono atasikilizwa nusu. Mwanamume akitaka kuuza magunia kumi ya mahindi bila kumshirikisha mkewe, sababu anayoitoa ni ileile: huyu ukimpa jambo analipoteza. Utani unageuka hoja ya kumnyima mtu taarifa, na akishanyimwa taarifa anaonekana hajui kitu.

Tungependa wanaosema hivyo waende wakakae siku moja kwenye kikundi cha hisa cha akina mama, waone. Viko vingi vijijini kwetu. Katikati panawekwa sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Funguo wanazo watu watatu tofauti, na sanduku analala nalo mtu wa nne, hivyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Kabla halijafunguliwa, mwenyekiti anauliza: tulifunga na shilingi ngapi? Wanachama wanajibu kwa kichwa. Tulikaa pembeni ya kikundi kimoja tukasikia wakilitaja salio mpaka mia ya mwisho, kwanza la mfuko wa jamii, kisha la mkopo. Halafu sanduku likafunguliwa, hela zikahesabiwa mbele ya wote, zikalingana. Ndipo wakaanza kununua hisa, moja mpaka tano kila mtu, na mhuri ukagongwa kwenye kijitabu cha kila mmoja. Aliyechelewa alilipa faini. Ambaye simu yake iliita katikati ya kikao alilipa faini. Hakuna aliyeulizwa kama ni mawazo.

Mtindo huu una historia inayofaa kukumbukwa hapa. Ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, kwa wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Hapakuwa na daftari. Hesabu zote, nani kaweka kiasi gani, nani kakopa, nani kabakiza, ziliwekwa vichwani mwao. Vikundi vilisimama, vikaenea, vikafika Zanzibar na bara. Leo Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inayovitambua vikundi vya namna hii na kuvitaka visajiliwe. Na Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Yote hayo yamejengwa juu ya imani kwamba mama wa kijijini anaweza kukumbuka deni lake na la mwenzake. Anaweza. Amekuwa akifanya hivyo kabla ya sheria.

Huko Norway watafiti waliwauliza watu zaidi ya 37,000 maswali tisa kuhusu kumbukumbu zao: unasahau majina, unasahau tarehe, unasahau ulichokuwa ukisema? Katika maswali manane kati ya tisa waliolalamika zaidi kuwa wanasahau ni wanaume. Hatuleti habari hii ili tugeuze jiwe na kuwatupia wanaume. Walikuwa wanajieleza wenyewe, na mtu anavyojieleza si kipimo cha ubongo. Tunaileta kwa sababu mtu anayesema kwa uhakika kwamba usahaulifu ni tabia ya kike anasema kitu ambacho hajakipima, na waliojaribu kuwauliza watu walikuta mambo mengine.

Na sisi wa Ruvuma tuna sababu ya ziada ya kuyaonea aibu maneno haya. Kila tarehe 27 Februari tunakusanyika Songea mjini kuwakumbuka mashujaa wa Maji Maji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Kati yao yumo nduna Nkomanile, mwanamke. Huyo alikabidhiwa watu wa kuongoza. Jimbo la Peramiho, ambamo Mpitimbi imo, liliwakilishwa bungeni kwa miaka mingi na mwanamke mwingine, Jenista Mhagama, aliyepewa wizara zaidi ya moja. Hatuwezi kupiga makofi Februari kisha Desemba tukacheka kwenye foleni ya mbolea.

Kazi iliyopo ni ndogo na inawezekana kabla ya msimu ujao. Watendaji wa vijiji wanapohuisha daftari la wakulima wamwulize kila mama anayelima shamba lake kama anataka kuandikishwa kwa jina lake na simu yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume, na hata kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu saba inataka watatu wawe wanawake. Sheria iliyomwamini kusuluhisha migogoro ya mashamba haiwezi kusomwa kana kwamba imemkatalia namba ya mbolea. Baba ambaye namba iko kwake aiandike kwenye daftari la nyumbani, pale panapowekwa kadi za kliniki na risiti za shule, kila mtu aione. Simu huzima, huibwa, huanguka kisimani. Wenye maduka nao wana nafasi yao. Muuzaji yule alikuwa na pole ya kumpa mzee. Ilikuwa haigharimu kitu kumpa na yule mama.

Na akina mama wenzetu tunawaomba jambo moja gumu. Maneno "wanawake ndivyo tulivyo" tunayasikia pia vinywani mwenu, mama akimsema binti yake, shangazi akimsema mke wa kaka. Mara nyingi yanasemwa ili kuomba radhi haraka na kumaliza shari. Ukisahau, sema nimesahau. Binti akisahau, mwambie umesahau, na kesho usisahau. Msimwachie sentensi itakayomfuata mpaka kwenye foleni ya watu asiowajua.

Yule mama alirudi kesho yake. Tulimkuta tena kwa sababu na sisi siku ya kwanza mbolea iliisha kabla hatujafika mezani. Mtoto alikuwa mgongoni vilevile. Alipoulizwa namba alinyoosha mkono, ameiandika kwa kalamu ya bluu kwenye kiganja, tarakimu ya mwisho imeanza kufutwa na jasho. Muuzaji akaisogelea, akaisoma polepole, akaingiza. Mfuko ukaletwa, ukapakiwa kwenye bodaboda. Alikuwa ameshapanda, kijana amewasha pikipiki, akamgusa begani asimame. Akashuka, akauzunguka mfuko, akakunjua pale ulipokunjika ili maandishi yaonekane.

"Hii ni ya kupandia?" aliuliza.

"Ni ya kupandia, mama."

Akapanda, wakaondoka.