Mali Iliyododa Ndiyo Akiba ya Fundi

Mfanyabiashara hodari, tunaambiwa, ni yule anayezungusha mtaji haraka: mali ikidoda, punguza bei, iondoe, leta nyingine. Kwa kipimo hicho duka la zamani la vifaa vya kushonea, lile la kaunta ya mbao unaloweza kulikuta Uhindini jijini Mbeya au katika mitaa ya Soko Kuu la Iringa, limeshindwa kabisa. Droo zake zina vifungo ambavyo haviagizwi tena, zipu za chuma, lesi, bitana za rangi zilizopitwa na wakati, na uzi wa kudarizi ambao pengine hata mwenye duka hakumbuki aliununua lini. Mimi nadai kwamba mali hiyo iliyododa ndiyo inayowaweka mafundi cherehani wengi kazini, na kwamba wanaopanga masoko yetu wanakosea wanapoiona kuwa uchafu.

Nyanda za Juu Kusini, iliko miji hiyo miwili, ni nchi ya baridi. Mwezi Juni na Julai koti si pambo, na makoti mengi huja katika marobota ya mitumba, yakiwa yamekatwa kwa miili ya watu wa mbali, hili limepoteza kifungo, lile zipu yake imeng'oka meno. Fundi hulipunguza mabega, hubadili bitana, kisha hutafuta kifungo kimoja kinachofanana na vitano vilivyobaki. Kariakoo ya Dar es Salaam ipo, ndiyo, lakini maduka ya jumla ya Kariakoo huuza kwa paketi na dazeni, na kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Ukituma picha kwa simu, ukalipia paketi nzima na nauli ya kifurushi kwenye basi, koti litakuwa limezidiwa bei na kifungo chake. Duka la mtaani humuuzia fundi kifungo hicho kimoja, tena baada ya kuvimwaga vyote kaunta achague.

Cherehani zenyewe zinaitetea droo hiyo. Butterfly ya Kichina ya kukanyaga, ambayo utaiona kwenye vibaraza vya mafundi wengi, iliigwa kutoka kwa Singer ya muundo wa 15, na asili ya muundo huo ni karne ya 19. Kwa sababu umbo halikubadilika, sindano na bobini zilizotengenezwa kwa mashine ya zamani huingia katika ile iliyonunuliwa mwaka jana. Ni vifaa vichache vya kazi nchini vinavyoweza kukaa dukani miaka thelathini bila kupitwa na wakati.

Wapo watakaosema kwamba vitu vya zamani huoza. Baadhi huoza kweli. Lastiki ya zamani ni hasara tupu, uzi wa pamba ulioonja jua au unyevu hukatika, na sindano hushika kutu, ndiyo maana fundi mzoefu huuvuta uzi mbele ya muuzaji kabla ya kutoa hela. Vifungo vingi havina ugonjwa huo. Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba huku ni kuililia enzi ya duka la Mhindi, biashara iliyojengwa chini ya mkoloni aliyempangia kila mtu nafasi yake. Lakini enzi hiyo ilishapita: sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha, familia nyingi za Kiasia zikaondoka, na leo sehemu kubwa ya biashara za nyanda hizi imo mikononi mwa Wakinga kutoka Makete. Ninachokitetea ni ule uvumilivu wa kuweka mali inayotoka polepole, na uvumilivu huo hauna kabila.

Uvumilivu huo unahitaji mahali pa kukaa, na hapo ndipo tunapouvunja. Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya liliteketea mwaka 2006. Soko la SIDO, Mbeya hiyohiyo, liliungua mwaka 2011 na tena mwaka 2017. Mkopo unaweza kurudisha vitenge kwa wiki moja, lakini hauwezi kurudisha makopo ya vifungo yaliyojazwa kwa miongo mitatu. Kisha linajengwa soko la kisasa, kodi inapanda, na mwenye mali ya polepole anakuwa wa kwanza kufungasha, kwa kuwa chumba cha bei ghali kinadai mali inayotoka kila siku.

Mtu atauliza kwa nini umma umbebe muuza vifungo. Hakuna anayeomba ruzuku. Halmashauri ya Jiji la Mbeya na ile ya Manispaa ya Iringa zinaweza kutenga, katika kila soko jipya, vyumba vichache vidogo vya chini vyenye kuta za matofali, kwa mkataba wa miaka kumi badala ya ule wa mwaka mmoja mmoja, na sharti la mkataba likawa moja tu: mpangaji auze rejareja, hadi kifungo kimoja na sindano moja.