Askari na Dini ya Jirani

Askari apangiwaye lindo kati ya Kismayu na Lamu hana budi kuijua pwani ailindayo. Kutoka Koyama, Chovae na Chula hadi Pate, Wabajuni ni Waislamu, na Uislamu wa pwani hii ni wa kale. Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa karne ya 8. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa, akakuta watu walioshika dini. Dini hiyo ilikuja na vyombo vya biashara, ikakuzwa na walimu wa chuoni, ndoa na ujirani.

Dini iliyoingia kwa salamu haiwezi kuwa mali ya wenye bunduki. Al-Shabaab, walioishika Kismayu tangu Agosti 2008 hadi mwaka 2012, walibomoa makaburi ya masheikh wa Kisufi. Walioonewa hapo walikuwa Waislamu.

Kwa hiyo ni kosa askari kumhesabu kila Mwislamu kuwa adui. Aprili 2014, nchini Kenya, polisi walikamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, Nairobi. Msako wa namna hiyo huziba masikio ya dola. Mzee aliyedhalilishwa mbele ya wanawe hatakuja usiku kutoa habari za mgeni aliyeficha silaha.

Tazameni, ndugu askari, yaliyotokea tarehe 21 Desemba 2015 katika kaunti ya Mandera. Magaidi walisimamisha basi, wakataka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu walikataa, na wanawake wakawapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Serikali ikamtunukia nishani. Ujirani ndio uliookoa roho siku ile.

Ujirani huo ni ngome, nasi tumepewa kuulinda. Tuvue viatu mlangoni pa msikiti. Mwanamke na apekuliwe na askari mwanamke. Mzee asalimiwe kabla ya kuhojiwa. Na Mkristo aendaye kanisani Garissa alindwe sawasawa na Mwislamu aendaye kuswali Ijumaa. Sare tuvaayo haina dini, ina wajibu.