Nakumatt haikukosa wateja

Uliza watu wa Nairobi ni nini kiliua Nakumatt na utapata majibu ya kila aina. Huyu atakwambia ni shambulio la Westgate la Septemba 2013. Yule atakumbuka moto wa tawi la katikati mwa jiji, Januari 2009. Mwingine atasema ni Carrefour kuingia nchini mwaka 2016, na kuna wale wa "waliiba tu." Hayo yaliuma, sikatai. Lakini baada ya ule moto Nakumatt iliendelea kufungua matawi, na baada ya Westgate ikanunua maduka matatu ya Shoprite kule Tanzania mwaka 2014. Biashara isiyo na wateja haifanyi hivyo.

Maoni yangu ni kwamba Nakumatt iliuliwa na kitu ambacho hata mwenye kioski anacho: pesa za watu wengine ndani ya droo yake.

Angalia supamaketi inavyofanya kazi. Ukinunua unga na sabuni, unalipa kabla ya kutoka mlangoni. Lakini aliyeleta huo unga na hiyo sabuni analipwa baada ya siku 30, au 60, au hata 90. Kwa hiyo kwa miezi miwili mitatu supamaketi inakaa na pesa nyingi ambazo si zake, na hakuna riba inayotozwa juu yake. Si wizi wala ujanja, ndivyo biashara hii inavyoendeshwa karibu kila mahali, na hata zile supamaketi zinazofanya vizuri leo zinafanya hivyo.

Shida ni ukizitumia pesa hizo kufungua tawi jipya. Tawi linataka rafu, friji, wafanyakazi na kodi ya jengo, na huchukua miaka kurudisha gharama. Deni la unga halingoji miaka. Mradi mauzo yanapanda kila mwezi, pesa za mzigo wa leo zinalipa mzigo wa juzi na hakuna anayeshtuka. Nakumatt ilifika matawi zaidi ya 60 katika nchi nne: Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Kwa macho ya mteja, hiyo ilikuwa picha ya mafanikio.

Halafu mauzo yakapoa kidogo, na mnyororo ukaanza kurudi nyuma. Muuzaji asipolipwa kwa wakati, analeta mzigo nusu. Mzigo ukiwa nusu, rafu zina mapengo. Mteja akikosa maziwa leo na mafuta kesho, keshokutwa anapitia duka lingine. Pesa za kaunta zinapungua, na anayefuata kwenye foleni ya kulipwa naye anakosa. Sisi tuliosomea masoko tunapenda kusema chapa nzuri huokoa biashara. Ile ya ndovu ilijulikana na kila mtoto nchini, lakini hakuna tangazo linaloweza kuuza rafu tupu. Kule Thika Road Mall, Carrefour iliingia mahali palepale Nakumatt ilipokuwa, na wanunuzi wakaendelea na maisha.

Januari 2018 mahakama iliiweka Nakumatt chini ya msimamizi. Deni lilikuwa shilingi bilioni 30 hivi. Matawi sita ya mwisho yalinunuliwa na Naivas kwa milioni 422. Piga hesabu: haifiki senti moja na nusu kwa kila shilingi iliyodaiwa, na mwenye dhamana huwa anatangulia kulipwa. Mtu aliyepeleka mayai kwa mkopo hana dhamana yoyote. Ana karatasi ya ankara tu.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Uchumi ilifunga milango mwaka 2006, ikafufuliwa, na mwaka 2015 ikafunga shughuli zake Uganda na Tanzania. Tuskys nayo ilifuata njia hiyo: mwaka 2020 ilikuwa imelimbikiza madeni ya wauzaji hadi Mamlaka ya Ushindani ikaingilia kati. Kila mara tunaambiwa ni ugomvi wa familia au ni usimamizi mbaya. Sawa, lakini kwa nini anayeumia zaidi ni yule aliyeleta bidhaa?

Sasa turudi kwako wewe mwenye duka mtaani, kwa sababu hesabu ni ileile, sifuri tu ndizo chache. Tuseme unauza ya 20,000 kwa siku, na bidhaa hizo unazichukua kwa jumla kwa 18,000, za kulipwa baada ya wiki mbili. Siku ya 14 simu yako inaonyesha umepokea 280,000. Inapendeza! Hapo ndipo mtu huanza kuwaza plot au pikipiki. Kumbe 252,000 ni za muuzaji wa jumla, na katika zile 28,000 zilizobaki bado hujatoa kodi, stima na mshahara wa kijana wa duka. Ninachowashauri wateja wetu ni hiki: jioni, kabla ya kufunga, toa gharama ya mzigo uliouzwa siku hiyo uiweke kwa akaunti au laini nyingine. Kinachobaki ndicho cha kupanga nacho. Ni usumbufu, najua, hasa siku ambayo mauzo ni madogo.

Na kama wewe ndiye unayewauzia wakubwa, tambua kwamba wewe ni benki. Ukipeleka yoghurt ya 200,000 kila mwezi na ulipwe baada ya siku 90, kuna 600,000 zako zinazozungusha biashara ya mtu mwingine wakati wewe unakopa kununua maziwa. Sheria ya Ushindani ilirekebishwa mwishoni mwa 2019, na mnunuzi mkubwa kuchelewesha malipo bila sababu ya haki sasa ni jambo unaloweza kupeleka kwa Mamlaka ya Ushindani. Wengi wanaogopa kulalamika wasije wakaondolewa kwa rafu, na siwalaumu. Basi angalau weka kikomo chako mwenyewe kabla hujaanza: deni likifika kiasi fulani, gari halipakiwi. Na siku afisa wa manunuzi atakapokupigia akitaka mzigo mara mbili huku ankara ya miezi mitatu iliyopita bado haijalipwa, pitia kwanza dukani kwao utembee katikati ya rafu. Kama mafuta na sukari zimepangwa mstari mmoja tu mbele, na nyuma ni wazi, umeshajibiwa.